Pua ya Mbodze

Nyuma ya msikiti mdogo pale Msambweni, Mbodze alijulikana kwa mambo mawili: mkate wake wa kumimina na chafya zake. Mkate ulitafutwa. Chafya zilivumiliwa tu.

Zilianza alfajiri, kabla hajakunja msala. Moja, kimya kidogo, ya pili, halafu zikafuatana mpaka kuku wakashuka kutoka juu ya kuni kwa fujo. Mumewe, Boga, fundi wa makuti na mtu wa mzaha tangu ujana wake, huwa bado amekaa kitandani akitafuta kandambili kwa miguu.

"Basi, mama," husema, "muadhini kashamaliza. Huna haja ya kumsaidia."

Mbodze hakuwa akimjibu. Si kwamba majibu hakuwa nayo. Kwao Mwabungo hawazaliwi mabubu. Lakini asubuhi pua ilikuwa imeziba kabisa, na neno likitoka hutoka limebanwa, kama mtu anayesema akiwa ndani ya mtungi. Angejibu mzaha, angechekwa yeye.

Hakuzaliwa na pua ile. Aliyozaliwa nayo ilikuwa nyingine.

Mamake, Bi Kanze, alikuwa akiuza vitumbua Mwabungo, na pua yake ilitegemewa na wanawake wa kule kila mwezi wa Ramadhani. Mpishi aliyefunga haonji. Wapo wanaogusisha mchuzi kwenye ncha ya ulimi wakatema, na wapo wanaosema hilo lina ruhusa yake, lakini wanawake wa rika la Bi Kanze hawakupenda kujitia shakani. Baada ya alasiri walifunika sufuria kwa sahani, wakaziweka kichwani juu ya kata ya khanga, wakafika mlangoni kwake.

"Ninusie, dada."

Bi Kanze hufunua, huinama, hunyamaza. Kisha husema. Tui limegeuka, mwaga. Au: huku chini kumeungua, hamishia sufuria nyingine wala usikwangue. Au husema neno moja tu: peleka. Hilo ndilo walilolifuata. Akishasema peleka, mtu alikwenda kwake akaingoja magharibi na moyo umetulia.

Mbodze aliirithi pua hiyo, na alipoolewa na Boga akaja nayo Msambweni kama wengine wanavyokuja na kabati. Wa kwanza kuijaribu alikuwa wifi yake, Twaiba, dadake Boga, mkaanga bhajia, mwanamke mwenye ulimi mwepesi na mkono mwepesi zaidi. Katika Ramadhani ya kwanza ya ndoa ile Twaiba alimletea mchuzi wa papa. Alisema anaomba anusiwe. Nia yake ilikuwa kumpima bi harusi.

Mbodze alinusa, akafunika.

"Wifi, bizari hii ilikaa na sabuni."

Twaiba alirudi kwake akatazama kwenye rafu. Kipande cha sabuni ya kufulia kilikuwa kimeegemea mkebe wa bizari, karatasi imefunguka. Alicheka peke yake jikoni, na tangu siku ile akawa ndiye mpiga mbiu. Mtaa mzima ukaanza kuleta sufuria.

Ikawa hivyo miaka mingi. Kisha Mbodze akapata kazi ya kufua katika hoteli moja kule Diani, akaenda, maana watoto walikuwa shuleni na mkate peke yake ulikuwa haukidhi haja. Mchana kutwa alikuwa kwenye mvuke, mashuka, taulo na unga wa sabuni uliopaa hewani kila gunia lilipofunguliwa. Huko ndiko pua ilikoanza kumwasha. Kamasi nyepesi kama maji, macho mekundu, koo linalowasha kule nyuma kusikofikiwa na kidole. Alidhani ni mafua. Kila mtu alidhani ni mafua. Watoto walipomaliza shule aliiacha kazi. Mafua hayakumwacha yeye.

Akarudi kwenye mkate wake, na huko nako kulikuwa na unga, moshi wa makumbi ya nazi, vumbi la makuti kwenye nguo za Boga. Harufu zikamtoka kidogo kidogo, kama mgeni anayeondoka bila kuaga. Alilijua hilo kwenye mkate kwanza. Mchele wa mkate wa kumimina hurowekwa ukasagwa kwa tui zito, ukatiwa iliki na hamira, ukaachwa uumuke; na ukiwa tayari hutoa harufu tamu yenye ukali kwa mbali. Ukichelewa, ukali unashinda utamu. Zamani Mbodze alikuwa akiijua saa hiyo akiwa uani anaanika nguo. Sasa alilazimika kuinama na kutazama mapovu. Macho yalimsaidia, lakini macho si pua. Siku nyingine mkate ulitoka na uchachu, na wateja, watu wa adabu, walinunua wakanyamaza.

Na sufuria? Mwaka mmoja zilikuja chache. Mwaka uliofuata alikuja Twaiba peke yake. Halafu Twaiba naye akaanza kumwonjesha mtoto wa jirani, ambaye alisema kila kitu ni kitamu ilimradi apewe tena. Hakuna aliyemwambia Mbodze neno, na kunyamaza huko ndiko kulikomuuma. Ramadhani baada ya Ramadhani, alasiri ikifika, alikaa kibarazani akijifanya anachambua mchele, akitazama wanawake wakipita mlangoni kwake mikono mitupu.

Alitaka sufuria zirudi. Hakuwa na haja nyingine kubwa. Mume alikuwa naye, watoto walikuwa na kazi zao, mkate uliuzwa. Alitaka mtu asimame tena mlangoni aseme, ninusie.

Alijaribu mengi. Alijifukizia majani ya mkaratusi chini ya khanga, akatoka jasho na pua ikabaki vilevile. Akanunua dukani matone ya kuzibua pua, na matone yale, lo! Pua ilifunguka kabla hajainua kichwa. Alikwenda akanusa iliki kwenye mkebe akacheka. Lakini matone yakawa kama mgeni aliyeonjeshwa pilau: jana alikuja mara moja, leo mara mbili, kesho kahamia. Ikafika hali kwamba asipoyatia pua inavimba kuliko mwanzo, na akiyatia haifunguki sawasawa.

Boga ndiye aliyemlazimisha kwenda zahanati. Huko alimkuta Faith, mtu wa bara ambaye wote walimwita daktari, msichana mrefu aliyekuwa ameshajifunza kusalimu kipwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Haya mafua yameanza lini?"

"Lini? Mwanangu, mafua haya yana umri wa kuoa."

Faith alicheka, akawasha tochi akamtazama puani. Akauliza maswali: anawashwa macho? Chafya za asubuhi? Vumbi? Unga? Kisha akauliza anatumia dawa gani, na Mbodze akatoa matone kwenye pindo la khanga.

"Haya, mama, uyaache leo. Ni ya siku chache tu; ukizidisha, yenyewe ndiyo yanavimbisha. Na wala huna mafua. Una mzio. Ngozi ya ndani ya pua imevimba, imechoka. Kila kitu kikipita, inakasirika."

Akampa kichupa cheupe chenye ncha ndefu. Ilikuwa dawa ya kupuliza puani, steroidi, ya kutuliza uvimbe. Kila siku mara moja, kila tundu.

"Fanya asubuhi, ili usisahau. Lakini sikiza, mama. Hii si kama yale matone. Haifungui leo. Unaweza kukaa wiki, hata mbili, ndio uone kazi yake sawasawa. Usiache kwa sababu umeona kimya."

"Dawa gani hiyo isiyofanya kazi siku ya kwanza?"

"Si unapika mkate wewe? Ukitia hamira, unga unaumuka hapo hapo?"

Hilo Mbodze alilielewa.

Twaiba hakuelewa. Alikitwaa kile kichupa akakigeuzageuza, na aliposikia neno steroidi akakirudisha haraka kama kaa la moto.

"Si ndiyo hizi wanazokunywa vijana wa kunyanyua vyuma, wakavimba shingo? Utaota ndevu, wifi! Kaka yangu ataoa mwanamume!"

"Daktari anasema hii ni kidogo, yakaa puani."

"Ndevu nazo ziko karibu na pua."

Walicheka hadi Mbodze akapiga chafya.

Siku za kwanza alikosea. Marehemu babu yake alikuwa akivuta ugoro, na hiyo ndiyo namna pekee ya dawa ya puani aliyopata kuiona: kichwa nyuma, macho yamefumbwa, vuta kwa nguvu mpaka utosini. Naye akafanya vivyo hivyo. Dawa ikampitia puani kama njia ya mkato, ikashukia kooni, chungu. Baadaye akaona damu kidogo kwenye kitambaa. Akarudi zahanati kichupa mkononi, amenuna.

Faith alimwomba afanye mbele yake. Alipoona kichwa kinakwenda nyuma, akagonganisha viganja.

"Mama! Unavuta kama ugoro!"

Akamfundisha pole pole. Penga kamasi kwanza. Tikisa kichupa. Inamisha kichwa mbele kidogo, kama anayetazama vidole vyake vya miguu. Tundu la kushoto, mkono wa kulia. Tundu la kulia, mkono wa kushoto, ili ncha ielekee upande wa sikio na isipige ule ukuta wa katikati, maana huko ndiko kunakotoka damu. Bonyeza, pumua taratibu, basi.

"Ikae hapa juu, kwa sababu ugonjwa uko hapa. Ukiisikia kooni, ujue umevuta sana."

Mbodze akaenda zake akafanya hivyo, kila asubuhi, akingojea kama anavyongojea unga. Chafya ndizo zilizopungua kwanza. Boga aliona kabla yake, siku moja alikaa kitandani, akasikiliza, akasema, "Leo muadhini yuko peke yake." Kisha macho yakaacha kuwasha. Pua ikaanza kupitisha hewa upande mmoja, halafu pande zote mbili, na akalala amefunga mdomo, jambo ambalo Boga alisema ni neema kwa nyumba nzima.

Harufu ilirudi jioni moja, Boga alipotoka kazini Galu. Alipita karibu naye akienda kuoga, na Mbodze akainua kichwa kutoka kwenye sinia.

"Boga. Wanuka makuti."

"Miaka yote hii ndiyo kwanza wajua?"

"Nilikuwa najua kwa macho."

Boga alisimama na taulo begani. Alimtazama mkewe aliyekuwa amefumba macho akivuta hewa bila haraka, akashindwa kutia mzaha. Akamsogezea shati.

Twaiba, kama kawaida yake, alieneza habari. Ilikuwa mwezi wa Shaabani, Ramadhani inanukia, na kila aliyesimama kununua bhajia aliambiwa kwamba wifi yake amefunguka pua, mwaka huu sufuria zipelekwe kama zamani. Mbodze alizisikia habari hizo akijifanya hasikii. Alifagia kibaraza mara mbili kwa siku.

Mwezi ulipoandama, jambo la kwanza alilofanya ni kukiweka kile kichupa juu ya kabati.

Alilifikiria peke yake na kuliamua peke yake. Dawa hutiwa asubuhi. Asubuhi mtu amefunga. Na alikumbuka ule uchungu wa siku za kwanza ukishuka kooni. Kinachoshuka kooni kimeshuka. Saumu si mahali pa kubahatisha. Angeweza kumuuliza ustadhi, lakini aliona haya kumwendea mtu wa dini na mambo ya kamasi. Angeweza kumuuliza Faith, lakini Faith si Mwislamu, atajua nini? Basi akakaa nayo moyoni, akijiambia pua imeshapona, mwezi mmoja haitadhurika.

Na kweli, mwanzoni hakuona tofauti. Dawa ile iliaga polepole kama ilivyobisha hodi. Jirani yake Kadzo alileta kunde. Akanusa, akasema peleka, na kunde zikaliwa zikasifiwa. Mwingine akaleta samaki wa kupaka. Mbodze alikuwa na furaha iliyomfanya asisikie njaa. Kisha asubuhi moja akapiga chafya, na ya pili, na kuku wakashuka. Pua ikaanza kuziba upande mmoja. Alijiambia ni vumbi.

Siku aliyokuja Twaiba, pua ilikuwa imeziba pande zote mbili.

Twaiba alikuja kabla ya saa yake, amevaa khanga mpya, jasho linamtiririka. Wakwe wa mwanawe Swabir walikuwa wanavuka kutoka Mkwiro kuja kufuturu kwake, kwa mara ya kwanza tangu arusi. Alikuwa amepika muhogo wa nazi sufuria kubwa.

"Wifi, ninusie huu. Nazi nimekuna mapema, nikaliacha tui kwenye joto, kisha nikashughulika na nyumba. Mimi nahisi kama kuna kitu, lakini pua yangu imeharibiwa na mafuta ya bhajia, siiamini. Niambie kweli, wale ni wakwe."

Mbodze alifunua. Mvuke ulimpanda usoni, wa moto, mtupu. Aliinama zaidi. Hakusikia kitu, si muhogo, si nazi, wala chumvi ya jasho lake mwenyewe. Alinyamaza kama alivyokuwa akinyamaza mamake, na kimya kile kikamrefukia. Twaiba alikuwa amesimama anamtazama kwa macho ya mtu anayengojea.

"Hamna kitu," akasema Mbodze. "Peleka."

Siku ya pili baada ya adhuhuri Twaiba alifika mlangoni. Hakuwa na sufuria.

"Asalaam alaikum."

"Waalaikumu salaam. Karibu, wifi, keti."

"Sikai." Akabaki mlangoni. "Wakwe wa Swabir wamekula vijiko viwili. Wakasema wameshiba. Watu waliofunga mchana kutwa, wakavuka maji, wameshiba vijiko viwili! Nami nashangaa, nawakaribisha, 'Ongezeni, ongezeni.' Mama wa watu akaniambia, 'Alhamdulillahi, tende zilikuwa tamu.' Tende, Mbodze! Kanisifia tende!"

Mbodze aliweka chini chekecheo.

"Halafu nikaonja mimi," Twaiba akaendelea. "Tui limechacha mpaka shavu likakunjamana. Hukulisikia, wewe? Wewe uliyesikia sabuni kwenye bizari?"

"Sikusikia kitu, wifi."

"Hukusikia kitu, na ukaniambia peleka?"

"Nilikwambia peleka."

"Kwa nini?"

Mbodze alitazama mikono yake iliyojaa unga. Angeweza kutafuta neno la kujifunikia, lakini siku ile hakuwa na nguvu za kulitafuta.

"Nilitaka uniletee tena kesho."

Twaiba akasogeza kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, akakaa, yeye aliyesema hakai. Nje mtu alipita akisukuma mkokoteni wa maji.

"Na ile dawa yako ya wanyanyua vyuma?"

"Nimeiweka juu ya kabati. Si kuna saumu?"

"Ati nini? Kwani pua yako imebaleghe, hata saumu iwe wajibu juu yake?"

"Wifi, usifanye mzaha na dini."

"Sifanyi mzaha, nauliza. Umemuuliza nani?"

"Sikumuuliza mtu."

"Ustadhi yuko hapo nyuma ya ukuta, akikohoa wamsikia. Daktari yuko hapo mbele. Wewe umekaa katikati yao ukajipa fatwa!" Alitaka kubaki na hasira, lakini kicheko kilimtoka puani, akajifuta kwa khanga. "Inuka. Vaa buibui. Twende."

Faith aliwasikiliza wote wawili wakisema kwa pamoja, akangoja wamalize.

"Mama, nani alikuambia lazima iwe asubuhi?"

"Wewe."

Faith alifikiri kidogo. "Ni kweli, nilisema asubuhi. Nilitaka usisahau tu. Dawa ni mara moja kwa siku, na siku ina usiku pia. Puliza baada ya futari, au ukitoka kuswali isha. Wagonjwa wangu wengi hapa wanafanya hivyo mwezi huu. Ungeniuliza tu, mama."

"Nilidhani wewe hujui mambo yetu."

"Siyajui yote. Ndio maana nataka muniulize, na mimi niwaulize." Akamtazama tena puani. "Imevimba, lakini si kama ile ya kwanza. Itarudi. Lakini si kesho."

"Najua," akasema Mbodze. "Hamira."

Jioni ile, baada ya futari na swala, alikishusha kichupa juu ya kabati, akakipangusa vumbi, akakijaribu hewani mpaka ukungu ukatoka vizuri. Boga alikuwa amejinyoosha mkekani tumbo juu.

"Mkaribishe kwa kaimati," akasema. "Kafunga muda mrefu."

Haikuwa rahisi kungoja mara ya pili. Mara ya kwanza alikuwa hana la kupoteza. Sasa habari ya muhogo ilikuwa imeshavuka hadi Mkwiro na kurudi. Wengi waliacha kuleta. Kadzo hakuacha, Kadzo alikuwa mtu wa moyo mzuri, na alasiri moja alisimama mlangoni na ndizi za nazi.

"Ninusie, Bi Mbodze."

Mbodze alifunua, akainama. Harufu ilikuwapo, mbali, kama mtu anayezungumza chumba cha pili; hakuweza kuyapata maneno yake. Angesema peleka, huenda ingekuwa sawa. Alimtazama Kadzo usoni.

"Sijui, mwenzangu. Pua yangu bado. Leo usiniamini."

Kadzo alishangaa. "Lakini umeniambia peleka mara ngapi?"

"Mara zile nilijua. Leo sijui. Jaribu kwa mama Mwero, pua yake si mbaya."

Kadzo alikwenda zake, na Mbodze akarudi ndani. Alitegemea ataumia, hakuumia alivyotegemea. Aliona wepesi fulani, akaukoroga mchele wake akauacha uumuke.

Kadzo alisimulia, kama watu wanavyosimulia. Jambo lile likamfikia Twaiba penye karai lake la bhajia, naye kwa mara ya kwanza hakuongeza chumvi. Alisema tu, "Ehe?" akageuza bhajia.

Kumi la mwisho la Ramadhani lilipoingia, Mbodze aliamka kwa daku, akaenda uani kuchota maji. Mchanganyiko wa mkate alikuwa ameuacha jikoni umefunikwa kawa. Alipokuwa na kata mkononi, utamu ule ukamfikia, na nyuma yake ukali kidogo, kidogo sana. Hakuinama, hakutazama mapovu. Alikwenda moja kwa moja akawasha mkaa, na mkate wa siku ile ukatoka mweupe ndani, mwekundu juu, ukaisha kabla ya magharibi.

Hakumwambia mtu. Aliogopa kuisema mapema. Aliendelea na kichupa chake kila usiku, kichwa mbele, mkono wa kulia tundu la kushoto, na asubuhi akajipima: mkebe wa iliki, chupa ya samli, ukili wa mkeka, kanzu ya Boga ya Ijumaa.

Siku chache kabla ya Idi, Twaiba alitokea mlangoni na sufuria kichwani. Ile khanga mpya alikuwa ameivaa tena.

"Wanakuja," akasema. "Wakwe. Swabir kawabembeleza. Nimepika mbaazi." Akaishusha sufuria, akaiweka sakafuni baina yao. Hakusema ninusie. Alivuta pumzi, akasimama na mkono kiunoni. "Nimesikia ulivyomwambia Kadzo."

"Nilimwambia kweli."

"Basi nami niambie kweli. Pua ikiwapo, sema. Isipokuwapo, sema. Nina tende za kutosha."

Mbodze alipiga magoti, akafunua. Mvuke ulimpanda, na safari hii haukuwa mtupu. Alifumba macho. Mbaazi zilikuwa pale, na nazi, mbichi, tamu, iliyokunwa adhuhuri hiyo hiyo. Kitunguu kilichokaangwa kikaachwa kabla hakijawa kichungu. Na chini yake kitu chenye makali kilichompanda mpaka machoni.

"Tui la leo," akasema. "Halina neno. Lakini pilipili umetia kwa hasira."

"Watu wa Mkwiro wapenda kali."

"Hii si kali tu, wifi, hii ina kisasi."

Twaiba alicheka mpaka akashika mlango. Kisha akangoja.

Mbodze aliirudisha sahani juu ya sufuria, akaikaza kwa kiganja.

"Peleka."

Twaiba alisokota khanga, akaiweka kata kichwani, akanyanyua. Hakuuliza mara ya pili. Alishuka kibarazani, sufuria imetulia, mikono yote miwili chini, akaifuata njia ya kwake. Na Mbodze, magoti bado sakafuni, akamsikia akimwamkia mtu huko mbele na kupita bila kusimama.